Mwalimu Mkuu na Ua la Barazani

Katika wateja wangu wote wa pamba na spiriti, yeye peke yake hakuwa na kidonda. Wengine walikuja na goti lililochubuka, au jipu, au habari za mtoto aliyetoka jandoni. Yeye alikuja Jumamosi asubuhi, duka likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama, akavua kofia, akaiweka juu ya kaunta na kusema, "Pamba, binti, na spiriti." Mara ya kwanza nilimuuliza kidonda kiko wapi nimwangalizie, maana kazi ya duka la dawa nimeisomea na sipendi mtu ajitibu kienyeji. Akanijibu bila kucheka, "Kiko nyuma ya jani la tatu kutoka chini." Nikampa alichotaka. Alipoondoka nikamwambia mwenzangu wa saluni ya pembeni kwamba mtaani kwetu Mbagala tumepata mtu.

Tulimwita Mwalimu Mkuu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesoma kwake. Shule aliyoiongoza ilikuwa huko bara kwenye baridi, na kwetu alihamia akiwa keshastaafu. Lakini ukimwona anavyopita njiani, anavyosimama kabisa ili akusalimie badala ya kukurushia salamu huku anakwenda, jina linakuja lenyewe. Vijana wa bodaboda walimwita Ticha, naye akaitika. Mkewe alimwita Mwalimu Mkuu kama sisi, hasa siku wakiwa wamegombana.

Nyumba nyingi za mtaa wetu, sebuleni kuna kabati la vyombo, televisheni na makochi yaliyovalishwa vitambaa vya kufuma. Kwake vilikuwepo vyote hivyo, ila ilikuwa kazi kuviona. Kila mahali palikuwa na maua ya ndani. Sisi tunayaita maua hata yale ambayo hayajawahi kutoa ua tangu yazaliwe. Lilikuwepo lile la kutambaa lililoanzia juu ya friji na kuzunguka chumba kizima kwa misumari, lilikuwepo lenye majani marefu yaliyosimama wima kama mapanga, na mengine mengi ambayo hata yeye hakuyajua majina, ila aliyajua maradhi yake. Mengi yalikaa kwenye ndoo za rangi na makopo ya mafuta ya kupikia. Alisema ua haliangalii chungu, linaangalia nani anakuja asubuhi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi. Alikuwa akiyatoa yote barazani na kuyapanga kwa mstari, mafupi mbele, marefu nyuma, halafu anapita moja baada ya jingine na miwani yake kwenye ncha ya pua. Usoni mwa jani hakupatazama kabisa. "Mdudu ana akili," aliniambia. "Hakai mahali mgeni anapotazama. Anakaa mgongoni, na kwenye kwapa, pale jani linapoungana na shina." Alikuwa na kipande cha karatasi nyeupe, anakikinga chini ya jani, analigonga jani kwa kidole, kisha anasubiri. Vumbi likitulia, ni vumbi. Likianza kutembea, ni utitiri, na hapo anaita maji ya sabuni kama daktari anayeita vyombo.

Alinifundisha pia kumfuata sisimizi. Mimi nilikuwa namwona sisimizi kwenye ua namfuta kwa kitambaa, nadhani nimemaliza kazi. Kumbe sisimizi hapandi bure. Anafuata utamu unaotoka kwa vidukari na wale wadudu weupe wenye unga, wanaojikusanya kwenye kikonyo mpaka utadhani mtu amesahau pamba hapo. Ukimfukuza sisimizi umemfukuza mchuuzi, shamba lake umeliacha. Siku hizi naishi Pugu, nina maua matatu tu dirishani, na bado nikimwona sisimizi nageuza jani.

Sasa, sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa hii: hakuna ua geni linaloingia ndani. Liwe limenunuliwa barabarani kwa wauza miche, liwe limetoka kwa askofu, litakaa kwanza barazani wiki tatu, mbali na mengine. Alipaita hapo darasa la awali. Likimaliza bila kuonyesha mdudu, linaogeshwa kwa maji ya sabuni, linapandishwa darasa, linaingia sebuleni. Likionyesha mdudu, linachomwa moto nyuma ya nyumba pamoja na udongo wake, na hapokei rufaa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema akitupa kiberiti. "Huyu bado hajafika nguoni."

Sheria hiyo ndiyo iliyomgombanisha na binti yake, na ni bora niseme mapema ilivyokuwa. Bila hilo mtu anaweza kudhani namsimulia mzee aliyepagawa na maua, kumbe namsimulia baba aliyetaka mtoto wake arudi nyumbani na hakujua apitie mlango upi.

Binti huyo ni mtoto wao wa mwisho. Aliolewa na fundi seremala wa Keko, kijana Muislamu, mtu wa Kusini, mpole na mchapakazi. Mwalimu Mkuu, mzee wa kanisa, hakupinga kwa kelele. Siku ya ndoa bomani hakwenda tu. Alishinda nyumbani akibadilisha udongo kwenye makopo, mkewe akaenda peke yake na gauni lake jipya na macho mekundu. Baada ya hapo baba na binti hawakutukanana, hawakulaumiana, na hawakuonana pia, miaka ikapita.

Halafu Jumapili moja mchana binti akaja. Mimi nilikuwepo, maana mkewe aliniita nimpime presha. Tulisikia hodi, tukamwona amesimama barazani na ua mikononi, lenye majani mapana ya kijani yaliyotapakaa madoa meupe. Lilikuwa limewekwa ndani ya kasha dogo la mninga, limepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Hukuhitaji kuambiwa lile kasha limetengenezwa na nani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuletea ua. Najua unapenda."

Alilipokea kwa mikono miwili. Nikamshukuru Mungu moyoni, nikajua yamekwisha. Kisha mzee akageuza jani moja. Akageuza la pili. Akainama, akaliweka lile kasha sakafuni, pale pale barazani, karibu na viatu.

"Likae hapa kwanza," akasema. "Wiki tatu. Tuone."

Binti alitazama kasha, akamtazama baba yake. "Nje?"

"Ndiyo utaratibu."

"Na kazi ya mume wangu nayo ikae nje?"

"Nasema tuone kwanza."

Mkewe alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Hakuwahi kulitua. Binti alikuwa keshavaa kiatu kimoja. "Mama, mie naondoka," alisema, na sauti haikupanda hata kidogo, jambo ambalo liliniumiza zaidi. "Mwambie Baba, siku ua langu litakapoingia ndani, na mie nitaingia."

Kwetu huku zawadi haibaki nje. Hata kama huipendi, hata kama ni kikombe kisicho na mkono, unaipokea, unaiingiza ndani, unaiweka mahali mgeni akiiona. Akishaondoka fanya unavyotaka. Nilimwambia hivyo Jumamosi iliyofuata alipokuja dukani: "Mwalimu Mkuu, si ungeliingiza tu, akatoka, ukalitoa?" Alinitazama kama nimemfundisha kuiba.

Na kibaya zaidi, alikuwa sahihi. Haikupita muda, kwenye makwapa ya lile ua pakaanza kuonekana unga mweupe, sisimizi wakapiga foleni juu ya kasha la mninga. Mkewe alipoona alikaa kitako barazani akacheka kicheko ambacho sikukipenda. "Haya, umeshinda," akamwambia. "Ulikuwa sahihi. Leo jioni sipiki, utakula usahihi wako."

Tulisubiri kuona moshi nyuma ya nyumba. Haukuonekana. Mtu aliyekuwa amechoma ua alilopewa na askofu, la binti yake alilishindwa. Akanunua pamba na spiriti, akaketi na kijiti cha kiberiti alichokizungushia pamba, akaanza kumtoa mdudu mmoja mmoja. Asubuhi yake. Jioni yake. Vijana wa bodaboda walikuwa wakipita na kumpigia honi, "Ticha, operesheni vipi?" naye anainua mkono bila kuinua kichwa.

Nilimuuliza kwa nini asiende Keko akaeleze.

"Nikaeleze nini?" akaniambia. "Kwamba nimeliweka ua lake nje, na kweli limekutwa na wadudu? Hayo ndiyo maelezo ya kumpelekea mtoto?"

Mimi nina mdomo mrefu, kila mtu Mbagala anajua, lakini hapo nilimfungia tu pamba yake kwenye gazeti.

Mkewe alikuwa na njia fupi. "Liingize ndani, nipige picha, nimtumie kwenye simu. Ishu imekwisha. Halafu ulitoe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa ishu yenyewe. Alitaka lile ua liingie ndani kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani, na alitaka liingie likiwa safi kweli. Na kila alipodhani limekuwa safi, akalihesabia wiki zake, wadudu wakatokea tena. Nilianza kuwachukia wale wadudu kama watu.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa msumbufu. Alikuwa mtu wa kukupa kipande cha kupanda bila kuombwa mara mbili, kisha wiki mbili baadaye anabisha hodi kwako kuja kukikagua. Ulikuwa unapika, ulikuwa unasuka, anaingia moja kwa moja hadi dirishani na kugeuza majani. Akikuta limechoka kwa maji mengi, na vijinzi vidogo vinaruka kutoka kwenye udongo, anakuambia mbele ya wageni wako, "Umelizamisha. Mizizi nayo inapumua." Nilipokuwa na ua kaunta na vidukari wakalivamia, nilimwomba aniruhusu nipulize dawa ya mbu niliyokuwa nauza mwenyewe. Aliniuliza kama nikiwa na chawa kichwani nitanyunyiziwa petroli. Kisha akavua kofia, akanawa mikono, akalilaza ua langu ubavu, akaliogesha kwa maji na povu la sabuni ya kipande, jani kwa jani, na wateja wawili wamesimama wanasubiri paracetamol.

Mwarobaini aliuheshimu sana. Alikuwa akiloweka majani yake usiku kucha na kunyunyizia jioni jua likishapoa, kwa sababu akinyunyizia mchana majani yanaungua. Sumu za dukani alizikwepa. Si kwamba hazifanyi kazi, alisema, ila sebule ni ndogo na watu wanapumua humo humo.

Udongo aliuchukua Pugu, karibu na msitu, akauleta kwenye kiroba, akaukaanga. Naam, akaukaanga, kwenye sufuria, juu ya jiko la mkaa, akikoroga na mwiko ili mayai ya wadudu yafe. Harufu yake ilizagaa mtaa mzima. Wajawazito walitoka nje kuuliza kunapikwa nini. Sufuria lenyewe lilikuwa la ubwabwa wa sikukuu. Mkewe alipogundua alilipeleka kanisani akalitoa sadaka, na akamwambia mchungaji mbele ya mumewe kwamba ndani yake kumepikwa udongo, asije akalaumiwa baadaye.

Halafu kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa jirani. Mnajua wenyeji wanavyopamba nyumba siku kama hizo: pazia jipya, zulia la kuazima, na maua ya ndani yanafutwa majani kwa mafuta ya kupikia ili yang'ae mbele ya wageni. Mwalimu Mkuu alialikwa kama mgeni rasmi, aseme neno. Alipoingia na kuona yale majani yanang'aa, uso ulimbadilika. Aliomba beseni. Watu wakadhani anataka kunawa ili ale. Wakati wa pilau yeye yuko kwenye kona na suti yake, anaosha mafuta kwenye majani, akimweleza mama mwenye nyumba kwamba jani lililopakwa mafuta linashindwa kupumua na vumbi lote la Kilwa Road linaganda juu yake. Neno alilisema, lakini lilihusu majani. Yule mtoto wa kipaimara alipiga makofi kuliko wote, maana ilikuwa hotuba fupi.

Na mtu huyo huyo, aliyekuwa anaminya wadudu kwa vidole vitupu, alikuwa anaogopa mende. Si kuchukia, kuogopa. Mende akiruka sebuleni alikuwa anapanda juu ya kochi na viatu vyake, anaita, "Mama! Mama, njoo!" Mkewe anakuja na kandambili, anamaliza kazi kwa pigo moja, anarudi jikoni bila neno. Niliwahi kuwakuta hivyo. Mzee alishuka kochini akarekebisha tai na kuniambia kuwa mende hana utaratibu.

Mkewe naye alikuwa na siri ambayo haikuwa siri. Kila mara aliaga kwamba anakwenda Keko kuangalia kitanda. Aliangalia kitanda masika, akaangalia kitanda kiangazi, na nyumbani hakikuingia hata kigoda. Mwalimu Mkuu hakumuuliza kitanda kimefikia wapi. Alichofanya ni kumkatia vipande vya maua mazima, vilivyokaguliwa mbele na nyuma, akavifunga kwenye gazeti lenye maji na kuviacha mezani karibu na mkoba wake. Mkewe akavichukua. Hawakuzungumza juu yake. Nilipoambiwa hivyo niliumwa moyo, nikasema hawa watu wawili wanapitishiana mapenzi kwa magendo.

Siku mkewe aliponipigia simu kwamba binti amejifungua, salama, mtoto wa kike, nilisikia pia sauti ya mzee nyuma yake ikiuliza, "Uzito gani?" Kisha mkewe akashusha sauti. "Anasema anakwenda. Mwenyewe. Njoo twende wote, mwanangu, ukae katikati yangu na huyu mzee, maana mie sijui atasema nini huko."

Nilifunga duka. Mzee alikuwa amevaa suti ile ya kipaimara. Lile ua hakulibeba, na mkewe alipomtazama akasema tu, "Bado."

Nyumba ya binti iko nyuma ya karakana ya mumewe, unapita katikati ya vitanda visivyo na rangi na meza zilizogeuzwa miguu juu. Mama yake fundi, aliyekuja kutoka Kusini kumlea mzazi, alitupokea mke wa mzee na mimi kwa vigelegele, akatukumbatia, akatupitisha. Alipofika Mwalimu Mkuu, yule mama akasimama mlangoni.

"Baba, samahani sana," akasema, na kweli alikuwa anaona haya. "Kwetu mwanamume haingii kwa mzazi mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Hata baba yake mtoto analala kwa jirani. Utakaa hapa nje, tutakuletea kiti."

Mkewe alifumba macho. Kichwani mwangu nilishamwona keshageuka na kuondoka, na safari hii asingerudi tena.

Mwalimu Mkuu alivua kofia. "Kitovu mnakifunga au mnakiacha wazi?"

"Tunakiacha wazi, baba. Kinakauka vizuri."

"Na wanaoingia wananawa?"

"Kwa sabuni. Hata hawa watanawa sasa hivi."

"Sawasawa kabisa," akasema, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona kwa muda mrefu. "Nyie watu mko makini. Nipeni hicho kiti."

Fundi mwenyewe ndiye aliyekileta. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Wakaishia hapo, kila mmoja hajui aweke wapi mikono. Mzee akakaa, akapapasa mkono wa kiti, na kwa tabia yake akapapasa na chini yake. "Umepiga msasa hata huku kusikoonekana," akasema. Kijana akajibu, "Ndiko vidole vinakofika, mzee," akarudi kwenye randa yake.

Sisi tulinawa, tukaingia. Binti alikuwa amekaa kitandani na mtoto, amechoka na amependeza. Hakutusalimia kwanza. "Baba yuko wapi?"

"Nje," mama yake akasema.

"Amekataa kuingia?"

"Amekatazwa. Kitovu."

Aliinama, nikaona mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Kisha akainuka polepole, akamfunika mtoto vizuri, akaenda hadi mlangoni akashika pazia. Mama mkwe wake alitaka kusema neno akalimeza.

"Baba," akasema. "Ingia. Nitaongea na mama."

Mzee alisimama haraka, lakini badala ya kusogea mbele alirudi nyuma mpaka kiti kikamgonga miguuni. "Usinisogelee na mtoto," alisema. "Asubuhi nilikuwa nashika wadudu. Nimenawa, lakini siamini kunawa kwangu."

"Wadudu gani?"

"Wa ua lako."

"Ua langu bado lipo?"

"Lipo. Lina majani mapya. Ila na wadudu wapo. Nimegundua hawa wa sasa wanatokea kwenye mizizi, ndiyo maana wananirudia. Nikilitoa udongo wote nikaliosha mizizi..."

"Baba. Wewe ua lenye wadudu si huwa unalichoma?"

"Lako?" Mzee alimshangaa kweli, kama ameulizwa swali lisilo na maana.

"Sasa kwa nini siku ile hukusema?"

"Nilidhani unanijua."

"Nilikuwa nakujua, ndiyo maana niliondoka. Bomani hukuja. Halafu nakuja kwako na kazi ya mikono ya mume wangu, unaiweka kwenye viatu. Ningejuaje kama safari hii ni wadudu tu?"

Mwalimu Mkuu aligeuza kofia yake mikononi, akaigeuza tena. "Kweli," akasema. "Usingejua." Akakohoa. "Ile ya bomani haikuwa wadudu. Ile nilikosea."

Mkewe, pembeni yangu, alinishika mkono akaubana mpaka pete ikaniingia. Mtoto alipiga chafya ndogo, na mzee akarudi nyuma hatua nyingine.

"Arobaini ikiisha nitakuja Mbagala," binti akasema, akijifuta uso kwa ukingo wa kanga. "Nitakuja na mtoto, na baba yake. Sasa niambie mapema, Baba, nijue. Tutakaa wapi?"

Randa ilikuwa imenyamaza. Fundi alikuwa ameinua ubao usawa wa jicho, akijifanya anaangalia kama umenyooka. Mwalimu Mkuu alimgeukia, akamtazama kwa muda, kisha akamrudia binti yake.

"Ndani," akasema. "Siku hiyohiyo."